Samaki wa Huku Wanachagua Nzi

Mjomba, huku Hampshire, Uingereza, ile shughuli niliyokudokeza kwenye simu imeninasa kweli: nalipa hela ili nikavue samaki bwawani. Usicheke kwanza.

Bwawa lenyewe halifiki ukubwa wa uwanja wa mpira wa Nyamagana huko Mwanza, na samaki hawakuzaliwa humo. Ni trauti, jamaa wa wale ambao walowezi waliwapeleka kwenye mito ya Aberdare, Kenya, mwaka 1905. Hawa wanafugwa shambani, wakishanenepa wanaletwa na gari la tangi na kumwagwa bwawani, tayari kwa kuvuliwa. Wavu marufuku, minyoo marufuku. Na ungeonekana na furu hai wa chambo kwenye ndoo ungefukuzwa siku hiyo hiyo. Kinachoruhusiwa ni nzi bandia, yaani ndoano iliyoviringishiwa uzi, manyoya ya sungura na unyoya wa tausi. Watu wazima na mvi zao wanatembea na visanduku vimejaa nzi, wakibishana yupi wa leo.

Wewe usingebishana, kwa sababu umeona sato wa vizimba. Kivuli cha mtu kikipita tu, wote juu, midomo wazi. Trauti aliyemwagwa jana ni huyo huyo. Amekua kwa chakula cha vidonge, mdudu hamjui. Mrushie kifundo cha nyuzi za rangi ya chungwa, kitu ambacho Mungu hakukiumba, atakipiga bila kuuliza. Hata nzi wa kuigiza kidonge cha chakula yupo, ila wazee wa hapa wakimtaja hushusha sauti, halafu unamwona kisandukuni mwao.

Akikaa majuma kadhaa anaerevuka, anaanza kula vya bwawani. Na vya bwawani ni nini? Ni ndugu wa wale wadudu wetu wanaoinuka ziwani ukadhani kuna moto Ukerewe, ukifungua mdomo pale Capri Point umeshameza kitoweo! Kabla hawajaota mabawa, hupanda taratibu kutoka kwenye tope hadi juu ya maji, na trauti anawadaka njiani. Nzi wa kuwaigiza ni mwembamba, mweusi, ana kishungi cheupe kichwani, na unamvuta polepole mpaka usingizi ukujie.

Mzee mmoja mstaafu ninayevua naye habahatishi. Akishampata wa kwanza na kumuua, anamwingiza kijiko kirefu chembamba kooni, anakizungusha, kisha anakikung'uta kwenye kisahani cheupe chenye maji. Siku moja tuliinama wote wawili. Vijidudu vyeusi tele, vingine bado vinajipinda, na konokono mmoja.

"Ndoano namba 12, nyeusi," akatamka, kama daktari anayekusomea majibu ya malaria.

Ndiyo maana nasema, mjomba, ubishi wote wa rangi na manyoya una swali moja tu: samaki huyu ana siku ngapi tangu ashushwe garini? Mgeni mpe rangi, mwenyeji mpe mdudu wake.

Kuhusu ladha nitasema kweli: sangara wa kukaanga anamshinda trauti mbali. Mama mdogo akija Desemba mpe dagaa wa Kirumba, waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani sitaki.