Heko kwa Majuto ya Kiingereza

Sisi Waswahili tu wavivu wa kujuta. "Ningalijua, nisingalikwenda": maneno 2, basi, yamekwisha. Hata chai haijapoa! Mwingereza, muungwana, hujuta kwa maneno 9: "If I had known, I would not have gone." Hupanga had, would na have kwa utaratibu, kama fundi anayepaka rangi nyumba isiyowahi kujengwa.

Ndiyo maana shuleni tulitumia muhula mzima kujutia kwa Kiingereza yasiyotokea. Yaliyotokea tuliyanong'ona kwa Kiswahili, tukavishwa kibao cha adhabu shingoni. Hisani iliyoje! Leo mgeni akiniuliza kwa Kiingereza njia ya stendi, nababaika. Lakini aniulize ningalimwelekeza vipi jana, kama angalikuja, hapo ndipo atajua nimesoma.