Jinsi ya Kumvalisha Mhusika wa Kigali Bila Kusoma Riwaya Yake

Hongera, ndugu yangu. Umekabidhiwa maleba ya filamu iliyotokana na riwaya ya Rwanda, tiketi ya ndege imelipwa, na chumba chako kinatazama bwawa la kuogelea la Hoteli ya Mille Collines. Riwaya yenyewe iache begini. Mwandishi kahangaika kurasa mia mbili na ushee kueleza yaliyomo moyoni mwa watu, na mambo ya moyoni hayashoneki.

Anza na umushanana: sketi ya kufunga kiunoni na kitambaa chepesi kinachotupwa begani. Watakwambia ni vazi la harusi na sherehe. Usibabaike. Mvalishe mhusika wako akipika, akichota maji, akigombania basi kituoni Nyabugogo. Watazamaji wa Paris watajua papo hapo kwamba wako Afrika, na Wanyarwanda watabaki wakijiuliza harusi ni ya nani. Mkasa ukifika, mpake tope. Mhusika keshakua.

Kwa nguo nyingine nenda soko la Kimironko, waliko mafundi wa vitenge, lakini usimuulize fundi lolote. Mimi nilikosea nikamwambia fundi mmoja wa Biryogo kwamba nataka gauni la mwanamke aliyepata mali. Akavua miwani. "Kapata lini, bosi? Maana aliyepata juzi hushona la kubana, lionekane. Aliyezaliwa nayo hana haja hiyo. Na kama kaipata kwa mume, je, mume bado yupo?" Nusu saa nzima ikaenda kwa maswali, na futi ya kupimia hajaigusa.

Ukibahatika, hadithi yako itakuwa ya shule ya bweni. Sare ni likizo ya mbunifu: nguo moja, vipimo tofauti, kazi imekwisha. Jihadhari tu na waandishi kama Scholastique Mukasonga. Yeye alisoma Notre-Dame de Cîteaux, hapahapa Kigali, enzi za mgawo uliowaachia Watutsi asilimia 10 ya nafasi, na mwaka 1973 akakimbilia Burundi. Riwaya yake, Notre-Dame du Nil, ilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Shule ya humo iko milimani, karibu na chemchemi ya Nile, na wasichana wote wanavaa sawa. Ndipo balaa linapoanza. Gloriosa, binti wa mkubwa wa chama, nadhani sare hiyo angeivaa kama cheo. Virginia, mtoto wa wakulima aliyeingia kwa mgawo, angeivaa kama kibali ambacho mtu anaweza kumnyang'anya saa yoyote. Kitambaa ni kilekile. Tofauti iko kwenye kifungo cha shingoni, kwenye pindo, kwenye pasi iliyopigwa kwa madaha au kwa hofu. Riwaya inaweza kutunong'oneza anachowaza msichana. Filamu haina mnong'ono huo, ina kola tu. Atiq Rahimi aliyeiongoza filamu ya riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 2019, ni mwandishi wa riwaya pia. Sishangai. Watu wa namna hiyo wana kasoro ya kusoma.

Wewe kielelezo chako kiwe Fontenaille, mzungu mwenye shamba katika riwaya hiyohiyo. Keshaamua kwamba Watutsi ni kizazi cha mafarao weusi, basi anamvisha Veronica, mwanafunzi Mtutsi mwenzake Virginia, mavazi ya Isis, mungu wa kike wa Misri, na kumchora. Hamuulizi binti wa watu anajiona nani. Hadithi anayo, nguo anazo, alichokosa ni mwili wa kuzitundikia. Sijapata kuona picha kamili zaidi ya mbunifu wa maleba anayeteremka uwanja wa ndege wa Kanombe na masanduku yaliyokwishajaa. Katika riwaya mchezo huo unaishia kwa kifo cha Veronica. Wewe utapoteza bajeti tu.

Filamu, kama ujuavyo, haipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Asubuhi unaweza kupiga mazishi, jioni posa. Wenye kujitesa huandika daftari la siku za hadithi, hushona gauni moja mara tatu au nne, kisha nakala moja huisugua kwa msasa na kuichovya kwenye chai ya rangi mpaka izeeke. Wewe shona moja. Damu ikionekana kabla ya jeraha, sema ilikuwa ndoto. Na usitegemee mitumba, caguwa wanavyoiita huku, kukupatia mashati ya zamani kwa bei ya bure: mwaka 2016 ushuru wake ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo.

Kuna mahali kejeli inanishinda. Katika Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye ya mwaka 2016, Yvonne ni mwanamke anayejipenda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 anakwenda Rwanda kuwatafuta ndugu zake, anarudi nyumbani Bujumbura, Burundi, akiwa mtu mwingine. Éric Barbier alipoifanya filamu alimpa Isabelle Kabano nafasi ya Yvonne, na Bujumbura yenyewe ikaigizwa na Rwanda. Yvonne wa namna hiyo hahitaji nguo mpya wala tope. Anahitaji nguo zake zilezile, zimning'inie.

Lakini nisikupotezee muda, una ndege ya kuwahi. Ukipita katikati ya jiji, Notre-Dame de Cîteaux bado ipo. Simama ng'ambo ya barabara wanafunzi wanapotoka, wote na sare yao, halafu niambie kama umewaona wawili waliovaa sawa.