Tupeni Mabeseni Matatu

Mkurugenzi Mkuu,
Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB),
Kigali.

YAH: OMBI LA KUPATIWA MABESENI MATATU, MAUA NA KIJANA MMOJA MWENYE MANENO

Mheshimiwa,



Tunajua mna mengi mezani. Gorila wa Musanze wanadai heshima yao, na tangu 2017, kwa dola 1,500 kila mgeni kwa saa moja ya kuwatazama wakila majani, heshima hiyo wameipata. Mwaka 2018 jina la nchi likapanda kwenye mikono ya jezi za Arsenal. Sisi wa Wilaya ya Rusizi hatuna kinyongo. Mkono wa jezi ni mfupi, na hatukutarajia mji wetu wa Kamembe utoshee. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa sheria ya 2017 imekifanya lugha rasmi, ingawa huku kwetu, ambako ukivuka daraja tu uko Bukavu, tulikuwa tukikitumia kupatania bei ya nyanya bila kungoja sheria.

Jambo lenyewe ni hili. Ukitoka Kampala kwenda Masaka utapita Kayabwe, mahali ambapo ikweta inakata barabara. Wenzetu wa Uganda wamejenga hapo duara jeupe la saruji, mtu anaingia ndani yake, anapigwa picha mguu mmoja ukiwa kaskazini na mwingine kusini. Pembeni kuna mabeseni matatu yaliyotobolewa chini: moja upande huu wa mstari, moja upande ule, la tatu mstarini penyewe. Kijana anamimina maji, anadondosha ua, anawaambia wageni wasogee. Kaskazini ua linazunguka upande mmoja, kusini linazunguka upande wa pili, na katikati linashuka wima kama askari aliye gwarideni. Wageni wanaguna kwa mshangao, wanatoa simu, halafu wanatoa pesa.

Mheshimiwa, ni uongo mtupu. Ile nguvu inayopinda njia ya upepo na mikondo ya bahari, aliyoieleza Mfaransa Coriolis mwaka 1835, hapo ikweta ni kama haipo, na popote duniani haina ubavu wa kuamrisha maji ya beseni. Maji yanazunguka kwa jinsi yalivyomiminwa. Ukifika pale usitazame ua, tazama mkono wa kijana: huku anamimina akitokea kulia, kule akitokea kushoto, na pale katikati anasimulia hadithi ndefu kidogo ili maji yatulie kabla ya kuzibua tundu. Nanyuki kule Kenya mchezo ni huohuo. Ukitaka cheti cha kuvuka ikweta, unauziwa. Na watu wanasimama! Anasimama mzungu, anasimama dereva wa lori la matoke, linasimama basi la wanafunzi, na kila mmoja anaondoka na jambo la kusimulia nyumbani.

Sasa njoo kwetu. Barabara ya Huye kuja Kamembe inaingia msitu wa Nyungwe pale Kitabi na kutokea Gisakura, na katikati inavuka mgongo wa Kongo-Nili. Tone la mvua likianguka mashariki ya mgongo huo linaingia Rukarara, kisha Mwogo, Nyabarongo, Akagera, linavuka ziwa Viktoria, linatokea Jinja, linapita Sudan na Misri na kuishia Mediterania. Tone pacha wake, lililoteleza hatua chache tu upande wa magharibi, linashuka Kivu, linatoka kwa mto Rusizi chini ya daraja letu la mpakani, linazungusha mitambo ya umeme ya Rusizi ya Kwanza na ya Pili, linapita bonde la Bugarama, linaingia Tanganyika, linatokea Lukuga karibu na Kalemie, linajiunga na Lualaba, na kumwagikia Atlantiki. Matone mawili ya wingu moja hayakutani tena mpaka baharini. Na huu, Mheshimiwa, si mchezo wa mkono. Ni kweli tupu, imekuwa kweli usiku na mchana bila kijana wa kumimina.

Kwa ukweli wote huo tuna kibao tu. Basi halipunguzi mwendo. Mtoto anamuuliza mama yake kile kimeandikwa nini, na kabla mama hajafungua mdomo kona mbili zimeshapita.

Angalieni majirani wanavyojua kuishi. Jinja wamesimika ukumbusho wa Speke, Mwingereza aliyefika pale Julai 1862 akitafuta chanzo cha Nili, na zaidi ya hapo wakaongeza sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Maporomoko ya Ripon ambayo Speke aliyaona yalikwishazama tangu bwawa la Owen lilipojengwa miaka ya 1950. Mgeni analipa mtumbwi akaone mahali ambapo kitu kilikuwepo. Burundi nao, pale Rutovu, wana piramidi ndogo kilimani tangu 1938 ya kutangaza kwamba Nili inaanzia kwao. Piramidi! Yaani Misri haijaliona tone bado, na mnara wake umeshamalizwa. Sisi tuna Rukarara, ambao Mjerumani Richard Kandt aliufuata mpaka Nyungwe mwaka 1898 akasema chanzo ndicho hiki. Mwaka 2006 wakaja wengine waliopanda Nili kwa boti kutoka Misri, wakasema vilevile. Hatukujenga kitu cha kumfanya dereva akanyage breki.

Nadhani mkosi ulianza mapema. Novemba 1871, wapelelezi Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji mpaka ncha ya kaskazini ya Tanganyika, wakitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Kama unatoka, huenda ndio Nili. Wenyeji walikuwa wamekwishawaambia Burton na Speke, miaka 13 nyuma, kwamba unaingia. Wakafika mlangoni pa mto, wakakuta unaingia, wakageuza mtumbwi. Hiyo imekuwa desturi ya wageni wetu tangu hapo: wakiona mto hauendi wanakotaka wao, wanarudi. Hata ile njia ya matembezi ya Kongo-Nili, kilomita 227 kutoka Rubavu, kwenye ramani inaishia Rusizi. Miguuni mwa watalii wengi inaishia Karongi.

Najua jibu lenu: tumewapa mengi. Ni kweli. Daraja linaloning'inia la Uwinka, ndani ya msitu wa Nyungwe, mita 160 kutoka mwanzo hadi mwisho, juu ya vilele vya miti, lipo tangu 2010. UNESCO imeuandika msitu kuwa Urithi wa Dunia, Septemba 2023. Tunashukuru, na siku hiyo tulifurahi kweli. Lakini vyote hivyo viko nyuma ya tiketi, kiongozi wa msafara na viatu maalumu. Sera yenu ni wageni wachache wenye mifuko mizito, na kwa gorila sioni ubaya wake. Ninachouliza ni hiki: mama anayetoka Kigali kumzika kaka yake Bugarama, mwanafunzi anayerudi likizo, dereva wa lori la saruji, wao utalii wao ni upi? Kivutio cha kando ya barabara ndicho pekee ambacho mtu wa namna hiyo anakipata kwa nauli aliyokwisha kulipa. Anashuka, ananyoosha miguu, anacheka, anadanganywa kidogo, anapanda tena. Kayabwe hakuna aliyeulizwa kama alifanya maombi mapema.

Sisemi mambo hayo hayana taka zake, na hapa naomba muwe wakali kuliko majirani. Mkiruhusu watu wasimame ovyo, kima watamalizwa. Wale wenye ndevu nyeupe wanaokaa kwenye ukingo wa lami pale Nyungwe tayari wanasoma madirisha ya magari vizuri kuliko sisi tunavyosoma vibao. Mtu akitupa ndizi moja, kesho ukoo mzima umehamia barabarani, na lori haliwezi kusimama mteremkoni kwa ajili ya kima. Halafu watakuja wauza vinyago. Pale juu ya Bonde la Ufa kule Kenya, barabara ya kwenda Mai Mahiu, utauziwa kofia ya manyoya ya kondoo, twiga wa mbao na ngao ya Kimasai, na ukifika Mombasa utakuta twiga yuleyule, bei nyingine. Twiga wa mbao asivuke Kitabi. Tembo hatumuhitaji pia: wa mwisho wa Nyungwe aliuawa 1999, na kumuuza akiwa wa mninga itakuwa kejeli kuliko barua hii.

Vya kuuza tunavyo. Sambaza, samaki wadogo wa Kivu, waliokaangwa wakavunjika mdomoni kichwa na mkia, ndani ya karatasi, kwa kuwa mifuko ya plastiki mliipiga marufuku 2008 na tumezoea. Tukubaliane tu kwamba muuzaji asiwaite samaki wa asili: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao ni wahamiaji kama nusu ya Kamembe. Chai ya Shagasha katika kikombe cha kawaida. Na mwelekezo wa maji ya moto ya Bugarama, jirani na kiwanda cha saruji, ambako wazee huloweka magoti bila kumwomba mtu picha.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Pale mgongoni jengeni sehemu ya basi kuegesha dakika kumi, nje ya kona, yenye choo. Tupeni beseni moja mashariki, moja magharibi, na la tatu juu ya mstari lenye matundu mawili. Kijana tutamtoa kwenye ushirika, atavaa kitambulisho shingoni na kutoa risiti kwa mashine, maana tunaijua nchi yetu. Atamimina maji na kusema: haya yanakwenda Aleksandria, haya yanakwenda Atlantiki. Wageni watamcheka, watasema ni yaleyale ya Kayabwe, watamtazama mkono. Wamtazame tu. Mkiona aibu kuwa na kivutio kisicho na udanganyifu, mruhusuni aongeze chumvi kwenye idadi ya siku ambazo maji yatatumia njiani.

Mkipenda, iwekeni kwenye imihigo, yale malengo ambayo wilaya huahidi kuyatimiza kila mwaka, kusudi mwaka ukiisha mtu aulizwe mabeseni yako wapi. Mvua za masika zinaanza Machi. Maji tutatoa wenyewe.

Wenu mtiifu,
Abiria wa kiti cha dirishani,
Kamembe, Wilaya ya Rusizi.

Nakala:
Meya wa Wilaya ya Rusizi, kwa utekelezaji.
Vijana wa mabeseni, Kayabwe, kwa taarifa na kwa kujiandaa kisaikolojia.