Ubao Mpya wa Bwana Mawimbi

Hongera, kijana wetu wa Gakindu. Umenunua ubao wa kuteleza mawimbini hata kabla ya kuweka nauli ya kwenda kuyaona mawimbi yenyewe. Hapa Mukurweini tuna vilima, kahawa, ng'ombe wa gredi na matope ya Aprili. Bahari iko zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Picha lakini umeshapiga, tena kwenye kiwanda cha kahawa, na wazee wanauliza kama hiyo ni meza mpya ya kuanikia kahawa.

Umechagua ule mfupi, mwembamba, wenye ncha, kwa kuwa ndio wa mabingwa wa Olimpiki ya Tokyo, mchezo huo ulipoingia mara ya kwanza mwaka 2021. Anayeanza hupewa ubao mrefu, mpana, laini, unaoelea na kumvumilia. Ila wewe si mtu wa kuvumiliwa.

Nta nayo umeipaka chini, uteleze vizuri. Kijana, nta hupakwa juu, ili miguu isiteleze!

Ukifika Diani, wenyeji watakueleza kwa upole kwamba miamba ya matumbawe huvunja mawimbi mbali na ufuo, na kwamba wale unaowaona wakipaa huvutwa na vishada, kwa pepo za kusi na kaskazi. Mwenzao wewe una ubao tu, na maringo.

Nenda basi, utuletee picha zaidi. Habari ya kujifunza kuogelea tutaizungumza ukishamaliza kulipa mkopo wa ubao.