Ukuta wa Jikoni Umehamia Jangwani

Mwenye nyumba mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ni Yanga wa kuzaliwa, mtu wa Jangwani. Mkewe ni Simba wa kurithi kwa baba, mtu wa Msimbazi. Sebuleni walishaelewana zamani: siku ya watani wa jadi mmoja anaangalia mpira nyumbani, mwingine anakwenda kwa dada yake. Jikoni hakukuwa na mkataba wowote, kwa sababu kuta zake zilikuwa na rangi isiyo ya timu, yaani masizi ya mkaa juu ya chokaa. Walipohamia kwenye gesi ndipo masizi yakaanza kuwatia aibu mbele ya wageni, na ndipo ugomvi ulipoanza.

Anayedhani kuchagua rangi ni kazi ya macho hajaishi Tanzania. Kijani na njano ni Yanga, na ukizipaka pamoja mgeni anaweza kudhani ameingia ofisi ya tawi la CCM. Nyekundu ni Simba, na tena ni ya soda. Maduka mengi ya mitaani yamepakwa nyekundu bure na wenye soda yao, kwa hiyo jiko jekundu linaweza kugongewa dirisha na mtoto aliyetumwa chupa mbili za baridi. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Nyingine watu wa simu wameshaziwahi. Ukiziondoa zote zenye wenyewe, raia wa kawaida anabakiwa na kijivu, nyeupe na krimu.

Baba alijaribu buluu iliyofifia. Alisema aliwahi kusoma kwamba nzi hawaipendi, na kwa hilo hakutunga. Mwaka 1926 mbunifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha kawaida mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na yakajengwa kama 10,000 ya namna hiyo. Mengi yake yalipakwa buluu, kwa kuwa wataalamu wa siku zile waliamini kwamba nzi huikimbia. Bibi huyo mwenyewe alikuja kusema kwamba kabla ya kulichora jiko hilo hakuwahi kupika wala kuendesha nyumba.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nzi wa Ujerumani ndio hawa wa Tabata?" Akaongeza kuwa buluu ni timu ya Azam, na yeye hakuolewa ili akakaangie samaki kwenye uwanja wao wa Chamazi.

Wakakubaliana krimu.

Huko Gerezani, Kariakoo, muuzaji aliwapa kadi yenye vipande vya rangi, kila kimoja na ukubwa wa stempu, wakavikodolea macho chini ya taa nyeupe ya mrija inayowaka mchana kutwa. Walichagua wanachokiita watu wote krimu, ingawa kwenye kadi ile krimu zilikuwa familia nzima, na kila ndugu alikuwa na namba yake. Mashine ikadondosha matone ndani ya rangi nyeupe, ndoo ikafungwa, ikatikiswa kwa kelele za kutosha kumfanya mteja aamini kwamba sayansi imefanyika.

Ndoo ilikuwa ya lita 20. Hapo ndipo pa kusimama kidogo, maana fundi alikuwa amesema, "Bosi, chukua ndoo nzima, tusije tukapungukiwa." Jiko lenyewe, ukitoa mlango, dirisha na sehemu ya vigae, lina kuta za mita za mraba 25 hivi. Lita moja ya rangi ya maji, kwenye ukuta uliolainishwa vizuri, hupaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mikono miwili basi ni kama lita 5. Lita 15 zinazobaki haziingii kwenye hesabu ya fundi kwa sauti, lakini ukibahatika kufika nyumbani kwake utaziona: chumba hiki kina rangi ya mteja wa Kinyerezi, korido ina ya mteja wa Mbezi, na geti ni la mtu wa Goba. Mama aliijua biashara hiyo. Kila jioni aliifunga ndoo stoo na ufunguo akalala nao.

Mkono wa kwanza ulipopigwa, ukuta ukatoka na uwekundu fulani. Fundi akasema subiri ikauke. Ni jibu la mafundi kwa kila swali, na kwa bahati mbaya rangi ya maji ikikauka aghalabu hukolea zaidi. Ilipokauka, mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akatoa hukumu: "Baba watoto, hii ni soseji mbichi."

Baba alirudi dukani kwa hasira. Muuzaji akamwonyesha namba kwenye risiti na namba kwenye kadi, zilifanana. Mashine haikukosea. Waliokosea walikuwa vigae vya kijani vilivyozunguka sinki, ambavyo viliwekwa na fundi wa kwanza kabisa na hakuna aliyevikumbuka siku ya kuchagua.

Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikumbana na kesi hiyohiyo katika karne ya 19. Alikuwa msimamizi wa utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na watu wakamlalamikia kwamba nyeusi yake haikolei. Mkemia huyo akaipima rangi, akaiona haina kasoro. Kumbe nyeusi ilikuwa inaharibiwa na nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuonyesha kwamba jicho huiona kila rangi kwa kuilinganisha na jirani yake. Weka rangi iliyopoa kando ya kijani, nayo itaonekana kuelekea uwekundu. Weka krimu kando ya vigae vya Tabata, utapata soseji. Chevreul alifariki mwaka 1889 akiwa na miaka 102, na yule bibi wa jiko la Frankfurt naye alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 102, kwa hiyo inaelekea kubishana kuhusu rangi hakufupishi maisha.

Taa nayo ilikuwa na lake. Asubuhi ukuta ulikuwa wa waridi, saa kumi jua la magharibi lilipoingia ukawa wa chungwa, usiku chini ya balbu nyeupe ukapauka kama mgonjwa. Asiyeamini kwamba mwanga unaweza kumzuga hata msomi awaulize wanaastronomia wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, Karl Glazebrook na Ivan Baldry. Mwaka 2002 walijumlisha mwanga wa galaksi zaidi ya 200,000, wakatangaza kwamba wastani wa rangi ya ulimwengu ni kijani cha feruzi kilichofifia. Haikupita miezi mingi wakarudi kujisahihisha: programu yao ilikuwa imekosea kipimo cha nyeupe. Rangi yenyewe ilikuwa krimu.

Ulimwengu mzima, basi, ni krimu. Ila hauna vigae.

Awamu ya pili mama alishika usukani. Alitaka rangi ya mafuta, ile inayofutika kwa kitambaa na sabuni pilau ikiruka au binzari ikimwagika, na akaitaka nyeupe. Baba, aliyekuwa amechoka na nauli za Kariakoo, akakubali bila kuuliza. Fundi akapiga msasa siku nzima, watoto wakiwa wamepelekwa kwa bibi yao, na hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika katika kisa hiki: rangi za zamani, hasa za mafuta, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Jiko likang'aa. Siku ya kwanza ya kupika, mama akasimama katikati amevaa jezi yake, na ndipo baba akakumbuka kwamba Simba ni nyekundu na nyeupe.

Alikula kimya kwa muda. Lakini rangi nyeupe ya mafuta ina tabia yake, ambayo muuzaji hakuieleza na fundi pengine hakuijua: panapokosa mwanga, huota umanjano. Siku walipolivuta friji kufagia nyuma yake, wakakuta ukutani umbo la friji limechorwa kwa njano safi, na upande wa pili, nyuma ya kabati la vyombo, njano nyingine. Baba aliwaita majirani. "Njooni mshuhudie," alisema, "ukuta wa Msimbazi umehamia Jangwani, tena bila ada ya usajili." Mama akajibu kwamba wachezaji wa njano siku zote hupatikana nyuma ya friji, akalisukuma friji mahali pake.

Ungetaka kuwapa ushauri, umechelewa, ila kwa ambaye bado hajanunua, upo. Nunua lita moja kwanza. Paka kipande kikubwa cha siling bodi, mikono miwili, kikauke kabisa. Kisimamishe kando ya vigae, kisha karibu na dirisha, kisha pembeni nyuma ya mlango. Kiangalie asubuhi, saa kumi, na usiku taa ikiwaka. Kadi ya dukani haiwezi kukuonyesha hayo, na rangi iliyochanganywa kwa mashine hairudishwi hata ukienda na risiti.

Ile krimu bado ipo stoo, lita 15 na ushei, haijaganda, na fundi ameshaiulizia zaidi ya mara moja. Msomaji mwenye jiko lisilo na vigae vya kijani anakaribishwa kuichukua bure, ili mradi aje na usafiri wake na asivae jezi ya timu yoyote.