Kikohozi cha Nyuzi 33 Chini ya Sifuri

Kikohozi kinachobaki baada ya mafua hukaa kifuani kama wiki tatu, mgonjwa awe Kiomboi, mkoani Singida, au Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani. Kinachotofautiana ni pa kukoholea. Asubuhi ya Januari 30, 2019, baridi ya Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na kwa upepo ule ngozi iliyoachwa wazi huganda ndani ya dakika chache. Siku hiyo hata Posta ya Marekani ilisitisha kusambaza barua Minnesota, kwa hiyo Singida wasimnunie mtu kwa salamu zilizochelewa. Walutheri wa Augustana, kanisa la Marekani lililokuwa na makao yake makuu Minneapolis, walipeleka wamisionari Iramba, Singida, tangu miaka ya 1920. Walisema wameitwa na Injili. Mnyiramba akipitisha Januari moja Minnesota huanza kushuku kwamba kulikuwa na sababu ya pili.

Ndani ya nyumba kuna joto, na humo ndimo kikohozi kinamokomaa. Hewa ya baridi kali hubeba mvuke kidogo sana. Tanuri la gesi likiipasha moto inazidi kukauka, midomo inapasuka na koo linawasha usiku kucha. Dawa yake ni mashine ya kutia unyevu hewani: tangi la plastiki lenye swichi, linalofuka mvuke kitandani hadi asubuhi. Mashine hii ina masharti mengi kuliko mganga. Isiposafishwa mara kwa mara huota ukungu. Ikitiwa maji ya bomba humwaga vumbi jeupe la madini juu ya fanicha, hivyo inashauriwa ipewe maji yaliyotoneshwa, ya kununua dukani kwa galoni. Kwa ufupi, mtu wa Singida ananunua maji ili ayarushe hewani; habari hii isisomwe mbele ya bibi anayetoka kisimani mwezi wa Oktoba. Tena baridi ikizidi, unyevu huo huganda kwenye vioo vya madirisha kwa ndani, na mwongozo unaagiza mashine ipunguzwe, usiku uleule koo linapoihitaji.

Katika baridi ile ya Januari 2019 kampuni ya gesi iliwaomba wateja wa Minnesota washushe joto la nyumba hadi nyuzi 17 hivi. Wenyeji walilichukulia ombi hilo kama msiba wa taifa. Nyuzi 17 ni asubuhi ya kawaida ya kipupwe Singida, ile ambayo mtu huyuhuyu wa Singida aliivalia sweta mbili akitangaza kwamba anakufa.

Kanuni za dawa nazo zimepinduliwa. Nyumbani, dukani, amoksilini hupatikana kirahisi kuliko chenji. Minnesota daktari haiandiki, kwa sababu mafua huletwa na virusi na antibiotiki haiviui. Ila vidonge vya kuzibua pua vyenye pseudoefedrini hufichwa nyuma ya kaunta: sheria ya mwaka 2006 inamtaka mnunuzi aonyeshe kitambulisho na kutia saini daftarini, maana wahalifu huvigeuza kuwa dawa za kulevya. Mwenye kamasi husaini kama anayechukua mkopo.

Kinachoshauriwa bila saini ni asali, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mwana wa Singida hulipa dola kwa kichupa chenye umbo la dubu, huku kwao asali ya Manyoni ikiuzwa kandokando ya barabara.

Pole haziuzwi popote. Singida kikohozi kimoja cha usiku huamsha nyumba nzima: huyu anachemsha maji, yule anakumbusha kwamba alimkataza mtu kuoga jioni. Minneapolis anayeitikia ni tanuri.

Kikohozi kikipita wiki mbili, hospitali za Tanzania hupima kifua kikuu, na daktari wa Minnesota akisikia neno Tanzania hufanya vivyo hivyo. Majibu yakiwa safi, mgonjwa huambiwa apumzike, anywe maji mengi na asubiri. Ushauri huo mama alishautoa kwa simu, na hakutuma ankara.