Kitambi Changu, Heshima Yake

Hapa Kasanda mwanamume hakondi bila ridhaa ya mkewe. Hakuna sheria ndogo ya kijiji inayosema hivyo, lakini wewe jaribu uone. Mke anayepika vizuri hana haja ya kujisifu, sifa yake inatangulia barabarani, imefungwa mkanda tundu la mwisho, inaamkiwa "Mwakeye, mwalimu!" na kila anayepita. Sifa hiyo ikianza kupungua, mwenye tumbo haulizwi kitu. Anayeulizwa ni mwenye jiko.

Nililijua hilo, ndiyo maana kikaratasi cha zahanati nilikificha ndani ya daftari la mahudhurio. Kilikaa salama mpaka mama watoto alipokuwa akitafuta kalamu. Kilisema: uzito kilo 92, urefu sentimita 170, presha iangaliwe, na mwishoni BMI 31.8. Nesi alikuwa amenieleza kwa upole kwamba ukivuka 25 umezidi, na ukivuka 30 hilo ni kiribatumbo kamili. Unachukua kilo zako, unazigawa kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na jibu halibembelezwi.

Kanuni hiyo ilitungwa na Mbelgiji mmoja wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, bingwa wa hesabu na nyota, ambaye wala hakuwa akipima kitambi cha mtu mmoja mmoja bali alitaka kujua umbo la mtu wa wastani katika taifa zima. Wabelgiji wenzake waliiteka Kigoma kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakakaa hapa Buha, kisha mwaka 1921 wakawakabidhi Waingereza na kwenda zao. Nilidhani walibeba kila kilicho chao.

Chini ya namba hizo nesi alikuwa ameandika ushauri: ugali nusu, mafuta kijiko, mboga za majani kwa wingi, mazoezi. Mama watoto alikisoma chote akiwa amesimama, akakigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akakisoma tena.

"Kwa hiyo mwalimu, miaka yote hii nimekuwa nakulisha sumu."

"Hapana, mama. Ni mafuta tu."

"Hapa wameandika kijiko. Kijiko kipi? Cha chai, cha kulia, au cha kupakulia?"

Nesi hakuwa amefafanua. Na mtu anayepika kwa mawese hawezi kuachiwa neno kijiko hivihivi. Michikichi haistawi huku kwetu juu. Iko chini kwenye joto, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na mafuta yake yanatufikia ndani ya madumu ya manjano. Yakifika hapa mwezi wa saba, baridi inayaganda. Juu ya dumu unaona mafuta mekundu mazuri, chini kuna uji mzito wa rangi ya chungwa. Mama watoto ana kijiti chake maalumu, amekichonga mwenyewe, kinakaa kimechomekwa kwenye paa la jiko. Anachokoa shingo ya dumu, anachungulia kwa jicho moja, anainamisha. Hakitoki kitu. Anainamisha zaidi, anapiga kitako cha dumu kwa kiganja. Kimya. Anaegesha dumu karibu na mafiga, anarudi kuchambua maharage. Akija kuinamisha mara nyingine, linashuka donge zima, pwaa, katikati ya sombe, yaani kisamvu, inayochemka.

"Kijiko hicho," anasema, anafunika sufuria.

Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wakati ya wanga ina 4. Niliyasema hayo siku moja wakati wa chakula, na nadhani ni kwa sababu hiyo mawese yakapunguzwa kweli. Kesho yake sombe ikaja imeungwa kwa karanga, nzito, inashikilia tonge. Nikamkumbusha kwamba karanga nazo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

"Karanga ni mbegu," akasema.

"Na mawese?"

"Mawese ni tunda. Wewe si ndiye unayewafundisha watoto wa darasa la tano wale matunda na mbegu?"

Tuna somo hilo, kweli. Lina hata picha.

La ugali lilikuwa gumu zaidi, maana ugali wetu wa muhogo na mahindi unakuja mlima mmoja, tunaumega wote. Nusu ya mlima unaomegwa na watu sita inahesabiwaje? Akaamua kunipakulia kwenye sahani yangu peke yangu. Mtoto wetu wa mwisho akatazama sahani, akanitazama mimi, akauliza kama baba siku hizi ni mgeni. Sahani yenyewe ilikuwa ile ya kuoshea mchele, lakini nusu yake ilikuwa wazi, hilo siwezi kukataa.

Pamoja na hayo yote nikapungua. Sikupungua sana, ila kola ya shati ilianza kuzunguka shingo bila kugusa pande zote, na habari ikafika gulioni kabla yangu. Waliokuwa na huruma walisema mwalimu ameingia kwenye kausha damu. Walimu tunajulikana kwa mikopo, na mikopo ya aina hiyo inafanya kazi yake kama jina lilivyo. Mwenzangu mmoja wa shuleni alinivuta pembeni akaniuliza wananidai kiasi gani, maana na yeye walikuwa wakimtafuta.

Wazee hawakuuliza kitu. Walishusha sauti nikipita. Sitawacheka kwa hilo. Sisi ni majirani wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, na watu wa rika la mama yangu waliwaona kaka na dada zao wakipungua hivyohivyo, kola kwanza, mashavu baadaye. Ukimwambia mzee wa namna hiyo kwamba umekonda kwa kupenda, anakuitikia, kisha anakwenda kukuombea.

Mama yangu alipanda basi kutoka Kasulu na jogoo kwapani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba" huku macho yake yakiwa shingoni kwangu. Hakuniuliza hali. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria ya kwanza, akafunua ya pili, akaingiza mkono kwenye gunia la unga mpaka kiwiko, akautoa na kuupangusa. Ndipo akamgeukia mama watoto.

"Mkamwana, mwanangu ana nini?"

Mama watoto hakusema neno. Alichomoa kikaratasi kwenye pindo la kitenge, akampa. Alikuwa akitembea nacho, kumbe, kama mtu anavyotembea na risiti ya kodi. Mama hakuwa na miwani, kwa hiyo nikaamriwa nisome mimi. Nikasoma kuanzia juu hadi mazoezi. Mama akafikiri.

"Huyo nesi ana watoto wangapi?"

"Sijui, mama. Ni binti mdogo."

"Nilijua." Jogoo akachinjwa jioni ileile.

Usiku mama watoto akanitolea hoja iliyonikalia kifuani kuliko yule jogoo. Alinikumbusha mwaka 2017. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilikuwa bado iko hapa wilayani kwetu Kakonko, na Nduta pale Kibondo imejaa Warundi. Shirika la Chakula Duniani likakosa fedha, likapunguza mgao. Kipimo kamili cha mgao ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mwaka ule wakimbizi walikuwa wakipata pungufu sana ya hapo. Unga, njegere, mafuta na chumvi, vyote vilipimwa. Sisi wa vijiji vya jirani tuliona bei zikicheza sokoni, na tuliwaona akina mama wakibadilisha vitenge kwa mihogo.

"Wale walilia wamekatiwa," akasema gizani. "Wewe unajikatia mwenyewe, halafu unataka nikushikie kisu."

Ningeweza kumjibu kwamba presha haijui historia. Jibu zuri. Lakini alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo, na mimi nilikuwa nimeshiba jogoo.

Mazoezi nitayapitia harakaharaka, kama nilivyoyapitia yenyewe. Mwaka 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi nchi nzima ifanye mazoezi. Safari hii nami nikamtii, nikachagua barabara kuu, nikavaa raba. Kabla sijamaliza mteremko wa kwanza alisimama kijana wa bodaboda, mwanafunzi wangu wa zamani. "Mwalimu, panda tu, hela utanipa mwisho wa mwezi." Nikamwambia nafanya mazoezi. Akaitikia kwa adabu, akanifuata taratibu kwa gia ya kwanza hadi nilipochoka, akanirudisha. Zamani tulitembea, na hakuna aliyekuita mgonjwa. Lakini tangu ianze kuwekwa lami barabara ya Nyakanazi, anayetembea anahesabiwa kuwa amefilisika.

Ikabaki mizani. Zahanati nilikuwa nimeambiwa nirudi baada ya muda, na mimi nilitaka kujua mapema. Siku tuliyopeleka mahindi gulioni, mnunuzi alikuwa amesimika mzani wake wa kukanyagia chini ya mwembe, magunia yamepanga foleni. Lumbesa hakuna siku hizi, angalau hadharani, kwa kuwa sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Nikasubiri gunia letu la mwisho lishushwe, nikapanda mimi. Mnunuzi akasukuma kile kichuma, akakirudisha kidogo, akasoma kwa sauti ileile ya mahindi:

"Themanini na tisa. Toa moja ya gunia, themanini na nane."

Sina gunia, nikamwambia. Akasema ni mazoea. Lakini hata ikiwa 89 nilishangilia, nikamwita mama watoto aje aone. Alikuja akiwa na hesabu ya magunia yetu mkononi. Akautazama mzani, akanitazama, akakitoa kikaratasi cha zahanati kwenye pindo la kitenge.

"Huku tisini na mbili," akasema. "Kwako themanini na nane."

"Mwalimu amepungua, mama," mnunuzi akasema.

"Mume wangu hajapungua."

Hakuisema kwa nguvu, lakini gulio ni gulio. Wakulima waliokuwa wameketi juu ya magunia yao wakasimama. Hapa hakuna asiyejua kwamba mzani wa mnunuzi una njaa. Kilichokuwa kinakosekana miaka yote ni ushahidi, kitu ambacho uzito wake umeandikwa na serikali na kupigwa mhuri. Sasa kilikuwa kimesimama mbele yao, kimevaa shati la kazi. Kikaratasi kikapita mkono kwa mkono. Mtu akasema kilo nne kwa kila gunia tangu msimu uanze. Mwingine akaanza kuzidisha kwa kijiti mchangani, na nitasema kwa fahari ya kazi yangu kwamba alizidisha bila kosa.

Mnunuzi akajua alipobanwa. Akafanya jambo ambalo Kasanda nzima haikuwahi kunifanyia: akaitetea dayati yangu. "Jamani, mtazameni! Amekonda huyu! Tazameni kola! Tazameni mkanda, ameongeza tundu kwa msumari! Shingo hii ilikuwa hivi?" Alizunguka nyuma yangu akainua shati kuwaonyesha suruali ilivyokunjwa kiunoni. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Nilitaka kumkumbatia.

"Mwalimu aseme mwenyewe," mzee mmoja akaamua. "Umekonda au hukukonda?"

Kukawa kimya. Nilimtazama mama watoto. Alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, na nyuma yake walikuwa wanawake wote ambao kwa miezi kadhaa walikuwa wamemuuliza kisimani kama kwake kuna chakula.

Nikaachia pumzi, tumbo likatoka lote.

"Sijakonda," nikasema, na watu wakapiga makofi.

Magunia yalipimwa upya, kila moja likaongezewa kilo nne, yakiwemo ya watu waliokuwa wameuza na kuondoka lakini wakasikia na kurudi mbio. Mnunuzi alilipa huku akinung'unika kwamba kikaratasi cha zahanati ni cha zamani. Ile nyongeza yetu mama watoto aliihesabu mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kitenge, na kabla hatujatoka gulioni akapita buchani. Alinunua nyama kilo mbili, yenye mafuta, na kuhusu mzani wa bucha hakuuliza kitu.